Onja Kwanza

Ipogolo, Jumamosi alasiri

Mwanangu Atupele,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako yuko gereji anaangalia gari litakalokupeleka kesho. Nyumba imenyamaza. Nimefunika cherehani, nimeweka karatasi juu yake, nakuandikia. Habari za mablanketi, za sufuria zipi ni zako na zipi za kurudisha, za namna ya kumwamkia baba mkwe, shangazi zako wamekueleza siku tatu mfululizo mpaka ukasinzia mbele yao. Sitazirudia. Nataka kukuandikia juu ya neno moja ulilolisema Jumapili iliyopita tulipokuwa tunamenya viazi.

Ulisema, "Mama, yule mama ananiangalia mikono. Kila nikishika kitu, ananiangalia mikono."

Ulikuwa unamsema mama mkwe wako, mama yake Ezekia, ambaye kuanzia kesho utakaa naye Uyole wakati mume wako yuko Makongolosi kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nilicheka, nikasema ni mawazo yako tu. Lakini kisu changu kilisimama kwenye kiazi. Maneno hayo hayo, bila kupungua hata moja, niliwahi kumpelekea mama yangu kule Tukuyu mwaka nilioolewa. Nilikuwa namsema bibi yako Yustina, mama yake baba yako.

Mimi ni mtu wa kushuku, unanijua. Nanusa maziwa kabla ya kuyachemsha na nayanusa tena yakishachemka. Fundi umeme akija, nasimama naye chumbani mpaka amalize. Hata hiyo mimba yako niliijua kabla hujaniambia. Nilikushuku tangu ulipoanza kusogeza chai ya maziwa pembeni, ukasingizia kwamba ina moshi. Kwa hiyo sikuandikii kukwambia uache kushuku watu. Siwezi kukufundisha kitu ambacho mwenyewe kimenishinda. Nataka kukueleza tu kushuku kulinifanyia nini mimi, na kulimfanyia nini bibi yako, maana wewe unamkumbuka kwa upande mmoja.

Wewe unamkumbuka bibi aliyekuwa anashuka kwenye basi la Idodi na kiroba kichwani, anakuita "mke mwenzangu", anakuuliza mume wenu yuko wapi, na mume mwenyewe ni babu yako aliyekufa kabla hujazaliwa. Unamkumbuka anakufundisha kupepeta, ungo ukikugonga tumboni kwa udogo wako. Mimi nilimkuta akiwa na miaka hamsini na kitu, ana nguvu za wanaume wawili, na niliogopa.

Alizaliwa juu Kilolo, kwenye baridi, akaletwa Idodi kuolewa akiwa na miaka kumi na saba. Aliniambia mwaka wa kwanza alikuwa analia kwa sababu ya joto tu, si kitu kingine. Babu yako alikuwa na majaruba mawili ya mpunga, na shamba la mahindi upande wa porini ambako tembo ndio walikuwa wanaamua kama mwaka huo familia itakula ugali au haitakula. Tembo wasipokuja, walikuja ndege. Bibi yako aliamia ndege miaka arobaini. Alifunga makopo kwenye kamba kuzunguka jaruba, akawa anakaa juu ya dungu tangu jua linapotoka, anavuta kamba, anapiga kelele, na mtoto yuko mgongoni. Alizaa sita, akazika wawili. Babu yako alipofariki, ndugu zake walimjia wakamwambia arudi kwao Kilolo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapikia, wakala wakashiba. Kesho yake wakamkuta jarubani anapandikiza mche. Hakuna aliyelirudia neno lile.

Na mbegu alikuwa anaficha. Hata mwaka wa njaa, watoto wanalia, alikuwa na debe la mbegu ambalo hakuna aliyejua liko wapi, hata mwanawe mkubwa. Naye alikuwa mtu wa kushuku, unaona. Hakuamini mvua ya kwanza, hakuamini madalali, hakumwamini mtu anayemsifia mtoto wako mara mbili. Mimi pia hakuniamini.

Baba yako alinipata Tukuyu. Alikuwa utingo wa lori la ndizi, na mimi nilikuwa nauza ndizi na mama yangu pale yanapopakia malori. Aliponifikisha Idodi, bibi yako alikuwa uani. Akasema, "Kamwene." Mimi Kihehe sikukijua, nikajibu kwa Kiswahili, shikamoo mama. Akaipokea, kisha akaniangalia mikono. Baadaye sana nilijua alichokuwa anatafuta: sugu. Alitaka kujua kama mwanawe ameleta mtu wa kulima au mtu wa kukaa. Lakini mimi siku ile niliona jicho, na kuanzia hapo kila alichofanya nilikiona kupitia jicho lile.

Kaka yako Lusajo unamjua kwa jina, na kaburi lake umeonyeshwa. Habari yenyewe hujaelezwa, maana katika nyumba hii haisemwi.

Alikuwa na miezi kumi na moja. Ilikuwa msimu wa kuvuna mpunga, na sisi bado tulikuwa tunaishi kwa bibi yako. Asubuhi ile baba yako aliondoka mapema na lori la mpunga kuja Iringa. Mimi nilikwenda jarubani na wavunaji. Mtoto nilimwachia bibi yako, aliyebaki nyumbani kuanika. Jua lilipofika utosini nikamwona anakuja juu ya tuta anakimbia, na yeye hakuwa mtu wa kukimbia, mtoto yuko mgongoni. Mtoto alikuwa ameloa, ananuka majani ya mwarobaini, macho yamegeuka juu. Kabla hatujafika zahanati alishikwa na degedege mara mbili. Mganga alisema malaria imepanda kichwani. Jua lilipozama hatukuwa na mtoto.

Siku ya tatu ya msiba, jirani mmoja niliyekuwa nachota naye maji alinisogelea jikoni. Akanishika bega akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana. Na yule alimwogesha nini?" Alichukua beseni lake akaenda kuosha vyombo pamoja na wengine.

Alimwogesha nini. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, na lenyewe likaanza kuzaa. Nikakumbuka jinsi bibi yako alivyokuwa akimnyanyua Lusajo na kusema, "Huyu mtoto mzito kuliko umri wake." Nikakumbuka kwamba naye alizika wawili, nikajiuliza walikufaje. Nikakumbuka siku nilipomkuta anachuma majani nyuma ya choo akanyamaza nilipopita. Na baada ya maziko watu wote waliacha kuniita Mama Lusajo, kwa huruma, wakarudi kwenye jina langu. Yeye peke yake aliendelea. Mama Lusajo, chumvi iko wapi. Mama Lusajo, jua limetoka. Nikaona ananikebehi.

Nikamwambia baba yako sitakaa tena kwenye nyumba ile. Hakubisha hata kidogo. Hata hilo nililishuku: kwa nini habishi? Tukahamia hapa Ipogolo, tukapanga chumba, nikajifunza kushona.

Ukazaliwa wewe. Nikakuita Atupele, yaani Mungu ametupa, nikakulalia kama kuku anavyolalia mayai. Siku ya saba bibi yako akaja kutoka Idodi. Nilimkuta mlangoni, nikamwambia mtoto amelala, na wewe ulikuwa unalia chumbani sauti inafika barabarani. Alisikiliza kile kilio kidogo. Akasema, "Basi. Akiamka mwambie bibi yake alikuja." Akaacha mzigo wake kizingitini, akarudi stendi.

Ndani ya mzigo mlikuwa na unga wa uji wangu mimi mzazi, na wako ukishaanza kula: mahindi, ulezi na karanga, umetwangwa na kuchekechwa mpaka umekuwa kama poda. Kuanzia hapo kila baada ya wiki mbili alikuja na unga huo. Nilikuwa naupokea kwa mikono miwili, nasema asante mama, nangoja basi lake lipotee darajani, halafu namwagia kuku. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Kuku wangu walinenepa mpaka wanawake wa mtaani wakawa wananiuliza nawalisha nini.

Ulipokuwa na miaka mitatu nililazwa. Mimba iliharibika na damu haikukatika. Baba yako hakuniuliza, alikuchukua akakupeleka Idodi, ukakaa wiki sita. Mimi nililala pale hospitali naangalia dari, na kila nilipofumba macho nilikuona unaogeshwa. Siku niliyoruhusiwa sikuja nyumbani. Nilipanda basi la Idodi nikiwa sina nguvu hata ya kushikilia kiti cha mbele.

Nilikukuta juu ya dungu. Ulikuwa mnene, mashavu yana vumbi, umeshika kamba ya makopo, unawafokea ndege kwa Kihehe. Uliniangalia kama unavyoangalia mgeni, ukamgeukia bibi yako ukamwita mama. Yeye akakusahihisha palepale, akasema, "Mama yako huyo, mshukie." Mwenye akili angepiga magoti ashukuru. Mimi nilingoja bibi yako ainame jikoni, nikaingia chumbani kwake kupekua.

Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati, na ndani yake kifurushi kimefungwa kwa kipande cha kitenge. Nikafungua upande mmoja. Nikaona nywele, nywele laini za mtoto, zimeviringishwa kwenye karatasi. Sikuangalia zaidi. Nilikitia ndani ya nguo zangu, nikakubeba, tukaondoka siku ileile.

Nilichofanya baada ya hapo ningependa kukwambia nilikifanya kwa hasira, ningekuwa na cha kujitetea. Sivyo. Nilikaa na kile kifurushi wiki mbili nikipanga. Nikawaita baba zako wadogo, nikawaita shangazi zako, nikamwita na mzee mmoja wa kanisa. Bibi yako akaitwa bila kuambiwa sababu. Alidhani ni habari njema. Alikuja amevaa kitenge chake cha Pasaka na kiroba chake kichwani kama kawaida. Tulikuwa tumeshahamia nyumba hii, na sebule ni hii hii ninapoandikia.

Nikaweka kifurushi mezani. Nikasema, "Naomba mama atueleze hivi ni vya kazi gani."

Baba yako alikuwa ameketi pale dirishani. Aliinamisha kichwa.

Bibi yako alikiangalia kifurushi kile. Kisha akakifungua mwenyewe, taratibu, fundo baada ya fundo. Akatoa nywele za Lusajo, zile za kunyolewa mara ya kwanza. Akatoa shati la njano. Chini kabisa ilikuwepo kadi ya kliniki.

"Baada ya maziko uliagiza vitu vyake vichomwe vyote," akasema. Alikuwa anasema na mimi tu, kama wengine hawapo. "Vikachomwa. Nikasema mtu mmoja akitunza kidogo haitadhuru."

Akaikunjua kadi. Kusoma hakujua, lakini alijua ule mstari wa uzito. Aliweka kidole pale unapoanza, akaufuata unavyopanda mwezi hadi mwezi, mpaka ulipokatika. "Hapa alikuwa na kilo tisa na nusu," akasema. "Alikuwa mzito. Nilikuwa namsema mzito kwa sababu nilifurahi."

Akafunga vitu vyake. Akasimama, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, na mimi pia. Akasema, "Kaa salama, Mama Lusajo."

Niliona aibu jioni ile, aibu ya kutotaka kuwasha taa. Na kesho yake asubuhi, Atupele, niliamka nikajisemea: huyu mama anajua kuigiza.

Alikaa miezi mitatu bila kuja. Kisha Jumamosi moja nikasikia hodi, na ni yeye, na unga. Sikuumwaga tena. Lakini pia sikuupika. Niliuweka kwenye ndoo mpaka ukaingia wadudu. Wewe ulianza shule, na kila likizo ukawa unadai Idodi, baba yako anakupeleka, mimi nabaki hapa sili. Ukirudi nilikuwa nakuvua nguo mlangoni, nakukagua mwili mzima kama mtu anayekagua gunia la maharage. Wewe ulidhani naogopa kunguni.

Mwaka juzi miguu yake ikavimba na moyo ukachoka. Baba yako akaenda kumchukua. Wewe ulikuwa chuoni Mbeya, haya hukuyaona. Tukampa chumba chako. Siku ya kwanza nikampelekea chakula, akasema hana njaa. Siku ya pili akasema hana njaa. Alikuwa anakunywa maji tu, na maji yenyewe anamwagiza baba yako. Siku ya tatu baba yako hayupo, nikaingia na bakuli la uji. Aliangalia bakuli. Akaniangalia mikono.

"Onja kwanza," akasema.

Nilisimama pale nikiwa na bakuli langu. Ndipo nilipoelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa ananiogopa. Amelala kwenye nyumba ya mtu aliyemwita mchawi mbele ya watoto wake, miguu haimbebi, na mtu huyo ndiye anayemkorogea uji. Nikachota kijiko nikanywa.

"Tena," akasema.

Nikanywa tena. Akanyoosha mkono akapokea kijiko. Alikunywa nusu bakuli bila kunyanyua macho, kisha akasema, "Na mimi ungeniambia nionje, ningeonja. Miaka yote ile ningeonja mbele yako. Lakini wewe unapokea, unasema asante, halafu wanakula kuku."

Nikamwuliza nani alimwambia.

"Kuku wenyewe. Kuku wa mjini hawanenepi vile."

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye kifua kinamuuma, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Kuanzia siku ile tulikula bakuli moja, miezi minne. Yeye kijiko chake, mimi changu. Habari nyingi nilizokuandikia hapo juu, za Kilolo na joto na debe la mbegu, alinipa wakati huo. Hata mahali debe lilipokuwa aliniambia: ndani ya kiota cha bata.

Siku moja, nikiwa nampaka mafuta miguuni, akasema, "Sikumroga mtoto wako."

"Najua, mama."

"Hujui. Ngoja nimalize. Sikumroga. Nilichelewa."

Nikaacha kupaka.

"Saa tatu asubuhi alikuwa wa moto," akasema. "Nilitaka kukufuata jarubani. Lakini siku iliyotangulia nilikuwa nimekusema mbele ya wavunaji, kwamba unamnyonyesha mtoto ili upate kukaa. Nikaona nikikuita utafurahi, utapata kukaa. Nikasema nitamwogesha majani, homa ishuke, jioni umkute anacheza. Nikangoja mpaka saa sita." Kisha akasema, "Mimi sikukuita Mama Lusajo kwa kukuumiza. Nilikuwa najiambia mwenyewe, kila siku, nisije nikasahau."

Sasa nafika mahali ambapo nimepaepuka tangu nianze barua hii.

Alfajiri ile, kabla sijaenda jarubani, nilimnyonyesha Lusajo. Ziwa lilisikia joto la mdomo wake hata kabla sijamgusa shavu. Nilijua. Alikuwa wa moto. Lakini maneno ya siku iliyotangulia yalikuwa bado yananichoma, nilitaka wavunaji wakifika wanikute nimeshaanza. Nikamviringisha kwenye kanga, nikamlaza kitandani kwa bibi yake, bibi yake yuko nje anafagia. Nikampita pale uani, nikamwambia mtoto amelala, sikusema zaidi. Nikawa wa kwanza kufika jarubani.

Sijawahi kumwambia mtu. Na bibi yako aliponiambia alichelewa, mlango ulikuwa wazi kabisa, neno moja tu lilitosha. Nilisema, "Yameshapita, mama." Nikachukua bakuli nikaenda kuliosha. Alikufa wiki tatu baadaye akiamini kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja.

Nimelifikiria sana jambo hili, na naona kwamba nilimshuku miaka zaidi ya ishirini kwa sababu nilihitaji mtu wa kusimama kati yangu na asubuhi ile. Alipokufa nikabaki nayo peke yangu. Ukanikuta nalia msibani ukashangaa, ukaniambia, "Mama, kumbe ulimpenda." Nilimpenda, lakini nilichokuwa nalia si hicho tu.

Nina jingine dogo la kukiri. Mwezi uliopita nilikuaga nakwenda Makambako kununua vitambaa. Sikwenda Makambako. Nilikwenda Uyole, nikajitanda kanga mpaka machoni, nikamtafuta mama mkwe wako sokoni kwenye viazi. Nikanunua kwake ndoo moja. Nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, ana wakwe wangapi.

"Mmoja, anakuja," akasema. "Binti wa Ipogolo. Mtoto mzuri, ila anaipua sufuria kwa mikono mitupu. Kila akishika kitu moyo unanidunda, naona ataungua."

Akanijazia ndoo mpaka ikafanya kichuguu, kisha akasema, "Lakini Mama Atupele, ungeniambia unakuja ningekuandalia chakula."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza amenijuaje. Akasema nimefanana na wewe, kwanza. Pili, yeye naye alikuwa amemtuma dada yake huku Ipogolo, akashonesha gauni kwangu kusudi anione. Nikamkumbuka palepale yule mwanamke. Alinipotezea asubuhi nzima anauliza tunasali wapi na kama baba yako anakunywa.

Tulikula pamoja pale pale juu ya magunia. Ni mtu anayesema wazi, nilimpenda. Na bado nilipokuwa kwenye basi narudi niliichimbua ile ndoo mpaka chini, kuangalia kama hajaniwekea vilivyooza. Hakuweka.

Kwa hiyo ukimshuku, na utamshuku, sikuzuii. Ila usimpekue. Mwambie usoni kama bibi yako alivyoniambia mimi, na yeye akikwambia wewe uonje, onja usinune. Barua hii usiifiche kwenye sanduku. Akikuuliza nimekuandikia nini, msomee yote, na pale pa Uyole umsomee.

Na mtoto wako akiwa wa moto, Atupele, popote ulipo na yeyote anayekuangalia, tupa jembe, mbebe, uende. Mtu akikuita mvivu, itika.

Baba yako amerudi, nasikia anasugua viatu nje. Siifungi bahasha bado. Nitamsomea kwanza.

Nimemsomea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anavua viatu, na nilipofika kwenye ile alfajiri kiatu kimoja kilikuwa kimebaki mkononi mwake. Nilimaliza, nikangoja aniambie lolote, hata anifukuze. Akakiweka kiatu sakafuni.

Akasema, "Na mimi nilimgusa."

Nikamwambia sijamwelewa.

"Asubuhi ile. Ulikuwa umeshatoka. Lori likapiga honi, nikaingia kwa mama kumuaga mtoto. Nikamgusa paji la uso. Alikuwa wa moto. Nikasema, ana mama wawili hapa, wataona wenyewe."

Alisema hivyo tu. Ndiyo maana hakubisha tulipohama, na ndiyo maana pale dirishani aliinamisha kichwa wakati mama yake anafungua kile kifurushi mbele ya watu. Halafu ameniomba kalamu, anataka kuandika jina lake chini ya langu, ili ujue kwamba barua hii imetoka kwa sisi wote wawili. Nimempa.

Mama yako

Baba yako